Bibi Arusi wa Chuma Nyumbani Kwetu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyopewa shahada yangu, mwanangu. Ni siku ile wanaume wanane walipoleta kerezo nyumbani kwetu Kamina, mji wa reli, juu ya mkokoteni uliokuwa ukilia kama mbuzi, nami nikamcheka mzee mbele ya watu.

Kerezo ni mashine ya kuzungusha chuma huku patasi ikikinyoa mpaka kiwe mviringo kamili. Letu lilikuwa kuukuu, la kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Shule ya misheni ilikuwa imepata jipya, na bruda, mtawa aliyesimamia karakana yao, akampa baba lile la zamani, maana baba alikuwa amewatengenezea kengele ya kanisa na hakutaka hata asante.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Baba yangu, Ilunga, alikuwa amefanya kazi katika karakana ya reli tangu ujana wake. Alipiga tupa, alikaza nati, alibeba vizito. Kerezo hakuruhusiwa kuligusa, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi ya Wazungu. Yeye alifagia maranda ya chuma yaliyoanguka chini yake, na alipokuwa akifagia alisikiliza. Alipokaribia kustaafu, siku moja alithubutu kumwambia msimamizi wake kwamba naye angeweza kukereza silinda. Yule bwana akacheka, akamjibu mbele ya wafanyakazi wote:

"Ilunga, weye iko najua kufagia maranda. Kutengeneza maranda, hapana."

"Bwana," baba akasema, "siku ya kutoka kazi nitakuletea maranda yangu."

Akaahidi zaidi. Akasema siku hiyo ataweka juu ya meza ya karakana kichwa cha treni kidogo, mfano wa kile kinachosogeza mabehewa pale stesheni, na kitakwenda kwa mvuke wake chenyewe. Neno likishatoka mdomoni halirudi. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa unajua, na baba hakuwa na mashine, wala mchoro, wala nafasi ya kurudi nyuma. Alikuwa na mimi tu.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu. Tulikuwa wachache mno tuliofika huko, na uchache ule ulinilevya. Nilikuwa na swali kwa kila kitu: kwa padri, kwa chifu, kwa mama akinikataza kupiga mluzi ndani ya nyumba. Nilichukua vipimo vya kile kichwa cha treni, nikapunguza kila kitu mara thelathini, nikachora. Mchoro ulikuwa mzuri, hilo sikatai hata leo. Kisha nikachagua mahali pa karakana yetu: nyuma ya jiko, pale tulipokuwa tumechimba udongo wa kichuguu kufyatulia matofali, kisha tukalifukia shimo. Palikuwa na kivuli na pamesawazika. Nyumba njema si mlango, mwanangu, lakini mimi niliutazama mlango tu.

Sasa, ukoo wetu ni wa wahunzi. Mdogo wake babu, Muzee Banza, bado alikuwa anafua majembe kijijini. Kwao fuawe, kile chuma kizito wanachopigia kazi, huletwa kama bibi arusi. Hupokelewa kwa wimbo. Huwekwa mahali pake, na haguswi mpaka mwezi mmoja upite. Kila asubuhi wanawake wa nyumba humwaga maji kumzunguka na kuukanyaga udongo huku wakiimba. Ndipo nyundo ya kwanza inapopigwa.

Muzee Banza aliuzunguka mkokoteni mara mbili, akalipapasa lile kerezo, akasema, "Huyu njo bibi," yaani huyu ndiye bibi arusi. "Mumuache alale kwanza. Bamama balete maji."

Nikacheka. "Tata, hii ni chuma ya Ulaya. Haiko bibi ya mtu."

"Ulaya hakuna udongo?"

"Kuna saruji."

"Na hapa iko saruji?"

Watu wakaangua kicheko, na kilikuwa kicheko cha kunicheka mimi. Uso ukanipata moto. Nikaanza kuhutubia juu ya ushirikina, na Wagiriki, na sijui nini tena. Muzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Weye unaulizaka sana, mutoto. Lakini jibu haungojake."

Baba alitutazama wote wawili. Alikuwa na miezi miwili tu mbele yake, na mwanawe alikuwa msomi. Akachagua usomi wangu. Siku hiyo hiyo tukalifunga kerezo kwenye meza yake nzito, na siku hiyo hiyo tukaanza.

Magurudumu yalitoka vizuri, mwanangu. Ungemwona baba! Mtu aliyefagia miaka yote ile, leo anashika mpini mwenyewe, na maranda yanaruka yakijisokota kama nywele za mtoto. Aliyakusanya yote ndani ya mfuko wa kitambaa. Muzee Banza, bila kinyongo, akatuyeyushia shaba, akatutolea vipande vinne vya silinda. Alisema hana shaba nyingine.

Silinda ya kwanza ikaharibika. Pistoni iliingia kwa tabu upande mmoja, na ilipofika upande wa pili ikacheza kama jino bovu. Mvuke ungepita humo wote bila kusukuma chochote. Nikasema patasi ilikuwa butu. Ya pili ikatoka vile vile. Baba akainamisha sikio karibu na mashine, akasema, "Haiimbi sawa. Inalia upande mmoja."

"Baba, mashine haziimbi."

Ya tatu ikatoka vile vile. Na hapa nakuambia jambo ambalo bado linanichoma. Nilimgeukia baba nikamwambia, "Ni mguu wako. Hukanyagi sawasawa. Umezeeka."

Aliondoa mguu wake kwenye kanyagio taratibu, akafuta mikono kwa kitambaa, akaenda kukaa jikoni kwa mama. Kilibaki kipande kimoja cha shaba, na wiki tatu.

Asubuhi iliyofuata nilikaa peke yangu mbele ya kerezo, nikiwa na aibu. Mama akaniletea uji. Aliuweka juu ya kitako cha mashine, ule mwamba mrefu wa chuma unaobeba vyote, akaondoka bila kuniita jina langu la utoto kama alivyozoea. Nikawa natazama uji tu, sina hamu. Nikaona umeinamia kwangu. Ulifika karibu na ukingo wa sahani upande wangu, na upande wa ukutani ulikuwa chini. Nikaisogeza sahani mpaka mwisho mwingine wa mashine. Huko uji ukainamia ukutani.

Nilisimama ghafla. Chuma kile kilikuwa kimejipinda kama nguo inayokamuliwa! Nikapiga magoti kutazama chini. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umezama upana wa vidole viwili katika udongo wa lile shimo tulilofukia. Kila tulipokanyaga ulizama zaidi, na patasi ilikuwa ikifuata njia iliyopinda. Baba alikuwa amelisikia kosa hilo kwa masikio kabla mimi sijaliona kwa macho. Na Muzee alikuwa ameniambia siku ya kwanza. Maji, miguu ya wanawake, mwezi wa kungoja: hata leo sijui kama fuawe ana roho, na sijaacha kuuliza. Lakini ardhi iliyonyweshwa na kukanyagwa mwezi mzima haizami tena. Wahunzi walikuwa wameliweka jibu ndani ya wimbo, na mimi niliukataa wimbo nikalikosa jibu.

Nilikwenda jikoni nikapiga goti mbele ya baba. "Mguu wako hauna kosa, baba. Mimi ndiye niliyepinda."

Akaniuliza, "Uji ulikula?"

"Sijala."

"Kula kwanza. Halafu uende kwa Muzee. Mimi sitakusindikiza."

Nikapanda baiskeli mpaka kijijini. Muzee Banza alisikiliza kisa changu chote huku akipuliza moto, akaniuliza, "Kumbe ulimuomba bibi bukari siku ya kwanza, hata mizigo yake hajafungua?" Bukari ni ugali kwetu. Akacheka mpaka akakohoa. Akaja.

Tulilihamishia kerezo mbele ya nyumba, kwenye ardhi isiyowahi kuchimbwa. Mwezi hatukuwa nao, tukakubaliana siku saba. Mama na mashangazi walimwaga maji, wakakanyaga na kuimba asubuhi na jioni, nami nikakanyaga pamoja nao. Majirani walikuja kutazama msomi akicheza ngoma ya bibi arusi. Mmoja wao, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye asili ya Maniema, aliniuliza kwa sauti kubwa, "Weye njo bwana arusi ao njo shangazi?" Nilistahili.

Siku ya nane niliweka sahani ya maji kila mwisho wa mashine. Maji yakatulia sawa pote. Baba akaweka kipande cha mwisho cha shaba, akaweka mguu, akakanyaga. Akainamisha sikio, na uso wake ukafunguka.

"Inaimba," akasema.

Pistoni ikaingia katika ile silinda kwa ulaini mwanzo hadi mwisho, kama mkono unaoingia katika mkono wa shati.

Siku ya kutoka kazi, baba alivaa suti yake ya kanisani. Niliruhusiwa kuingia kubeba sanduku lenye kichwa chetu cha treni. Tulitandika reli ndogo kutoka mwisho mmoja wa meza hadi wa pili, mafundi wote wakasogea, na msimamizi akaja mikono mfukoni. Taa ya spiriti ikawashwa. Maji yakaanza kunong'ona. Nyuma ya kile kichwa cha treni baba alikuwa amefunga tupa yake ya miaka yote, ndiyo iwe behewa.

Akafungua mvuke. Kikatetemeka, kikatema maji, kikasimama. Moyo wangu ukasimama nacho. Kisha: *cha!* ... *cha!* ... *cha, cha, cha, cha*, kikaondoka na tupa yake, kikapita glavu za mafundi, kikapita kikombe cha kahawa cha msimamizi, mpaka mwisho wa meza!

Kelele zilizopigwa pale, mwanangu, hata ndege waliruka juu ya paa. Msimamizi aliinama, akachungulia silinda kwa muda mrefu.

"Nani alikereza hii?"

"Miye, Bwana," akasema baba. "Pamoja na bibi."

"Bibi gani?"

Mafundi wakashikana mabega kwa kicheko. Baba hakucheka. Alifungua mfuko wa kitambaa, akamimina maranda yote juu ya meza, yaking'aa. "Na maranda yangu njo haya."

Yule bwana aliokota uzi mmoja wa shaba uliojisokota, akautia katika mfuko wa shati lake, akatoka. Mafundi wakamnyanyua baba juu juu, wakamvusha reli zote mpaka nyumbani, na dereva mmoja aliyekuwa akipanga mabehewa akavuta honi isikatike.

Muzee Banza alitungojea mlangoni. "Mbele ya kula," akasema, "bibi mumemupa habari?" Baba akaenda akalifuta kerezo kwa mafuta, polepole, akiwa bado amevaa suti.

Mwanangu, wazee husema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ni kweli, na sitakuambia uache kuuliza. Uliza padri, uliza mwalimu, niulize mimi. Lakini ukishauliza, ngoja jibu. Likija limevaa wimbo, usilifukuze kwa sababu ya nguo zake, likague kwanza. Kabla ya kulaumu mguu wa mwenzako, weka maji juu ya mashine. Na ukikuta kwamba aliyepinda ni wewe, usione haya kwenda jikoni kupiga goti. Mimi kutoka katika goti lile niliinuka mrefu zaidi.

Vidye, Mungu wa baba zetu, akupe ardhi isiyozama chini ya kazi yako. Akupe sikio la baba yangu na subira ya Muzee Banza. Na siku watakapokuambia unajua kufagia tu, mikono yako iwe na kitu cha kumimina mezani.