Roboti Lenye Sauti Yangu

CD ile ninayo. Iko kabatini chini ya vitenge, na hakuna mtu humu ndani anayejua kwamba mwalimu mstaafu, mwanakwaya wa misa ya kwanza, anaficha filamu ya maroboti. Niliinunua Makambako kwa kunyoosha kidole kama bubu, maana siku hiyo sikutaka kusikika nikisema neno lolote.

Nilikuwa natoka kumwona dada yangu, nasubiri gari la kurudi Njombe. Upepo ulinifukuza stendi, nikaingia mgahawa wa jirani, wa mama mmoja wa Kiislamu mwenye ushungi wa kijani na mikono isiyotulia. Aliniwekea chai ya tangawizi na chapati kabla sijakaa vizuri. Juu ya friji palikuwa na televisheni, na ndani yake madude ya chuma, marefu kuliko minara ya simu, yalikuwa yanabomoa mji wa Wazungu.

Huku kwetu hakuna jumba la sinema. Filamu inaweza kuzunguka dunia nzima, sisi tunahesabu kwamba imetoka siku CD yake inapofika stendi ikiwa imetafsiriwa. Na kutafsiri kwenyewe siyo maandishi chini ya picha. Ni kijana mmoja na kipaza sauti. Anapunguza sauti ya Kizungu, halafu anasema yeye kwa niaba ya wote, mwanamke, polisi, dude la chuma, na akiona maneno yamepungua anaongeza ya kwake. Maroboti ya siku hiyo yalisalimiana "Kamwene!" kama wakulima wa viazi wa kwetu, na watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga supu. Mimi sikucheka. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, mizaha ya namna hiyo huniudhi.

Kisha likatokea roboti kubwa, kamanda wao. Likakohoa mara mbili. Likasema, "Mnanielewa, au mnaniangalia tuu?"

Niliirudisha chai mezani. Kikohozi kile ni changu, hata marehemu mume wangu alikuwa akinitania nacho. Na maneno yale, pamoja na hiyo "tuu" ya kuburuta, niliyasema kila siku ya kazi katika shule moja ya kijijini karibu na misheni, tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu.

Mwanzoni nilijivuna, sitadanganya. Nikasema moyoni, kumbe nimekumbukwa, nikajiweka sawa kwenye kiti. Kamanda lilikuwa linakagua maroboti madogo yaliyojipanga mstari. Moja lilikuwa bovu, mgongo wake unafuka. Kamanda likaliinamia.

"Wewe wa moshi," likasema kwa sauti yangu, "kaa dirishani!"

Mgahawa mzima uliangua kicheko.

Anayeijua baridi ya Njombe ataelewa. Watoto waliolala jikoni, karibu na moto, walikuja darasani wananuka moshi mpaka kwenye madaftari. Mimi nina kifua. Basi nikawa nawapanga dirishani, na madirisha yetu hayakuwa na vioo. Hata pale mezani nilianza kujitetea kimoyomoyo, nikataja hewa safi, nikataja afya ya darasa. Lakini watu walikuwa wanacheka, na kichekesho kilikuwa mimi. Mwenye mgahawa alirudia, "Kaa dirishani!" huku akimpiga mteja begani kwa kitambaa cha meza. Uso ulinichoma. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku moja mbele ya mkaguzi.

"Huyu kijana ni noma," mteja akasema. "Wa wapi?"

"Ana studio yake hapo Mahongole," mama akajibu. "Ila kwao ni Njombe, huko vijijini. Huwa anakuja kula hapa."

Nikamjua. Wa moshi walikuwa wengi, lakini aliyeweza kuniigiza wakati wa mapumziko, wenzake wakagaagaa kwenye nyasi, alikuwa mmoja tu.

Ningeondoka saa ile ile, ila kuaga kulitaka maneno. Nikabaki nimeinama juu ya chapati iliyopoa. Ndivyo nilivyoiona filamu mpaka mwisho, mimi ambaye sijawahi kuimaliza hata moja ya aina hiyo. Mwishoni kamanda limelala juu ya daraja, miguu imekatika, na lile roboti la moshi limelipigia magoti. Kamanda likakohoa mara mbili, polepole.

"Nisamehe, mwanangu," likasema. "Dirishani kulikuwa na baridi."

Chini ya sauti ile nilikisikia Kizungu chenyewe, kizito, kikisema wasiliachie daraja. Kiingereza changu ni cha kufundishia darasa la tano, lakini hicho nilikielewa. Msamaha haukuwamo. Kijana aliutunga mwenyewe akaniwekea mdomoni, kwa sababu mimi sikuwahi kumwomba. Nikajifuta macho kwa ncha ya kitenge, nikijifanya pilipili imeniingia.

Picha ilipokwisha nilikwenda kaunta, palipopangwa CD za kuuza, nikanyoosha kidole. Mama akanipa. Nje mpiga debe alikuwa anaita Njombe, nikadhani nimepona.

"Nikufungie na chapati za njiani, mama?"

Nikakohoa mara mbili. Sikukusudia, ndivyo koo langu lilivyozoea. "Hapana, mwanangu. Asante."

Mama akaacha kufuta kaunta. "He! Mama, hebu sema tena. Mbona unaongea kama lile roboti? Unatoka kwao nini? Unamjua yule kijana?"

Watu wa meza ya karibu wakageuka.

"Simjui," nikasema.

"Ningefurahi ungekuwa unamjua," akasema, bila utani sasa. "Kila akija kula hapa anatuuliza kama amepita mtu akaitambua ile sauti. Anauliza kila mara, mpaka tunamcheka. Kesho mchana atakuja. Nimwambie nini?"

Mpiga debe akaita tena. Mahongole ni mwendo mfupi wa bodaboda kutoka pale, na magari ya Njombe yangekuwepo mpaka jioni. Yote hayo niliyajua nikiwa nimesimama, CD mkononi.

"Mwambie hajapita mtu," nikasema, kwa sauti nyembamba ya kuigiza, nikikibana kikohozi kisitoke, kisha nikapanda gari.