Jina Nililopewa Msituni

"Wewe ni nani?"

Rehema aliniuliza hivyo mbele ya moto, kambini Kisarawe, nami nikabaki nimeshikilia kikombe cha chai. Nilikuwa darasa la tano, skauti mpya kutoka Kibaha. Jina la nyumbani lilikuwa haliruhusiwi. Hiyo, alisema Rehema, kiongozi wa kikosi chetu, ndiyo kanuni ya msitu. Asiyejitaja mwenyewe kwa jina la msituni hupewa jina na aliyewasha moto. Na moto aliuwasha yeye.

"Bubu huyu! Tumwite Kobe. Kashajificha kwenye gamba!"

Wakacheka mpaka chai zikamwagika. Labda ningesamehe kama jina lingebaki msituni. Lilipanda basi pamoja nasi, likashuka kituo cha Kwa Mathias, na Jumatatu hata mama muuza maandazi wa shuleni akaniita, "We Kobe, leo hununui?"

Basi nikajifunza moto. Mwaka mzima, nyuma ya jiko letu pale Kongowe, nilimwagia kuni maji kisha nikazilazimisha ziwake. Nilichonga hadi kwenye kiini kikavu, nikapuliza mpaka machozi yakanitoka.

"Mwanangu, utaniunguzia nyumba," mama alilalamika. Sikumwambia niliyetaka kumuunguza ni nani.

Kambi iliyofuata, mvua ilinyesha mchana kutwa. Rehema alipuliza, akakohoa, akapuliza tena. Moto wake ukakataa; wangu ukawaka. Mlio wa kuni zile zikialika naukumbuka hadi leo. Sijasikia muziki mtamu kama ule.

Nikasimama. "Dada Rehema, wewe ni nani?"

"Zuhura, acha bwana."

"Kumbe jina langu unalijua? Jibu."

Akainamisha kichwa.

"Huyu ni Kuni Mbichi," nikatangaza. "Moshi mwingi, moto hamna!"

Alilia. Nikanywa chai yangu polepole huku nikimtazama, na ilikuwa tamu. Msitake niseme vingine.

Juzijuzi, Mlandizi, nilikutana na mwalimu aliyekuwa akitupeleka kambini. Kwa tabia yangu ya kuhoji kila kitu, nikamuuliza kanuni ile ya majina ilitoka wapi. Akacheka. Hajawahi kuifundisha. Rehema aliitunga mwenyewe jioni ile ya kwanza, mwalimu akihangaika na wali jikoni. Rehema ndiye aliyemwambia, siku alipomaliza la saba.

Neno moja tu lake lingetosha kuifuta kanuni ile. Siku ilipomgeukia yeye, aliitii.