Nilivyowekwa benchi la nyuma kanisani kwa sababu ya mawe ya Geita

Wakuu, salaam. Walio wakubwa kwangu humu shikamooni, ingawa sidhani kama mpo wengi.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa kijana, na niliwamwagia wazee wa kanisa kila kitu kilichokuwa kichwani mwangu, kwa mkupuo, siku ambayo jibu fupi lingetosha. Ninayosimulia ni kweli tupu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Ndivyo nilivyo, kitu kisiponyooka kinaninyima usingizi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilitoka kwetu Tinde nikapata kazi kwenye mgodi mmoja upande wa Geita. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha mawe. Mashine ilichimba chini sana na kutoa mawe marefu ya mviringo, kama miwa. Nayaosha, nayapanga kwenye visanduku vya mbao kwa kufuata kina yalikotoka, Mzungu wa jiolojia anakuja kuyasoma.

Shule niliishia darasa la nne. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi.

Siku moja yule Mzungu, huku anajaza kiko chake, akaniambia jiwe nililoshika lina umri wa mamilioni na mamilioni ya miaka. Hakuwa anabishana na mtu. Alisema kama unavyosema leo kuna jua.

Baadaye nikaokota gazeti alilolitupa. Nikalisoma neno kwa neno. Lilisema uhai ulianza mdogo sana, majini, na viumbe vikabadilika polepole mpaka tukafika sisi.

Wakuu, mimi nilikuwa nafundisha darasa la ubatizo kila Jumapili mchana. Siku ya kwanza nuru, siku ya sita mtu. Nilikuwa naikariri sura nzima ya kwanza ya Biblia bila kukosea hata nukta. Jumapili iliyofuata nilifika siku ya tatu nikanyamaza. Nikawaambia wanafunzi naumwa.

Sasa, kwa wasiojua. Kanisani kwetu, pale jirani na mgodi, Jumamosi kabla ya Meza ya Bwana, kila mshirika alipita mbele ya wazee. Wanakuuliza kama umekosana na mtu, na kama kuna jambo linalokuzuia kuja mezani. Watu wote hujibu "hakuna," wanatoka.

Mimi nikajibu lipo. Nikaeleza mawe, gazeti, majini, kila kitu. Niliona kula Meza ya Bwana na mashaka moyoni ni kumdanganya Mungu usoni.

Mzee Jilala, ndiye aliyekuwa mkubwa wao, ndiye aliyeniuliza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Basi kaa nyuma mpaka utubu."

Kukaa nyuma maana yake benchi la mwisho, karibu na mlango. Huli Meza ya Bwana, hufundishi, hufungi ndoa kanisani. Benchi lile lilikuwa la wagoni na wapika pombe. Nilimkuta Mama Kulwa, aliyewekwa kwa ajili ya pombe ya mtama.

"Wewe umempa nani mimba?" akanong'ona.

"Sijampa mtu. Nimesoma."

"Kusoma tu?" Akasogea pembeni kidogo. "Hiyo yako mbaya kuliko yangu."

Kambini tulikolala wafanyakazi wa mgodi, Wakristo wenzangu wakaacha kuja chumbani kwangu. Hawakunitukana. Walipunguza tu salamu, kila wiki kidogo, mpaka zikaisha. Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja, nikala nikitazama ukuta. Wakuu, sijawahi kuwa mpweke vile, hata nilipofiwa na mke wangu miaka mingi baadaye.

Uvumi ukafika Tinde. Nilipokwenda likizo, mama yangu, ambaye hakuwa hata Mkristo, hakungoja nitue mzigo.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia.

"Mwangaluka. Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Hakuna mjukuu, mayu. Ni habari ya mawe."

"Mawe!" Akacheka mpaka akakaa chini. "Ungeniletea mtoto ningeelewa."

Ningeweza kutubu yakaisha. Mzee Jilala mwenyewe aliniambia nisimame mbele ya watu niseme nimeacha mashaka. Lakini Jumatatu ningeyaosha tena mawe yaleyale. Ningesemaje nimeacha kitu kilichonifuata hadi kitandani? Kwa hiyo nikakaa nyuma. Pamba ikapandwa, ikachumwa, mimi bado nyuma. Sahani ya mkate ilikuwa inaishia benchi la mbele yangu.

Kisha asubuhi moja Mzee Jilala akaja mgodini kwa baiskeli, amevaa koti la Jumapili, jasho linamtoka.

"Nionyeshe hayo mawe yako."

Nikamwonyesha. Akalishika moja kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajui ambebe vipi.

"Umenikosesha usingizi, kijana. Nilikuweka nyuma kwa kuwa niliogopa, nami nimeendelea kuogopa."

Nikamvutia kisanduku kitupu akae.

"Hiyo miaka yote anayosema Mzungu," akaniuliza, "Mungu alikuwa na nani?"

"Sijui, mzee."

"Hakuna mtu hata wa kumsalimia." Akalirudisha jiwe, lakini siyo mahali pake. Kwa mara ya kwanza nikaacha kitu bila kukipanga upya. "Njoo Jumamosi."

Jumamosi nikasema yaleyale: namwamini Mwumbaji, siku zake sizielewi. Wazee wengine wakakataa. Mzee Jilala akasema, "Mimi pia sizielewi. Kama ni hivyo niwekeni nyuma pamoja naye."

Wakadhani anatania. Kesho yake akaja na koti lake, akapita viti vya wazee, akaketi kati yangu na Mama Kulwa. Kanisa zima liligeuza shingo.

Mchungaji alipofika kwenye sahani ya mkate alitutazama kule nyuma. Halafu akatembea mpaka mlangoni na mkate. Akamuuliza mzee, akaniuliza na mimi, swali moja tu: tunamwamini aliyeumba? Tukasema ndiyo. Tukala.

Mama Kulwa akatugonga magoti. "Na mimi namwamini," akasema kwa sauti. Mchungaji akasita, kisha akampa.

Nilichojifunza: nilikuwa nangoja nielewe kila kitu ndipo nisogee kwa Mungu. Ningengoja hadi leo. Mzee Jilala alifariki zamani, na simjui tena mtu wa kuzungumza naye habari hii, ndiyo maana nimekuja kwenu. Wenye maoni karibuni, hata ya kunipinga. Nitasoma yote.

Tangu siku ile nafundisha sura ile ya kwanza mpaka mwisho, na mwanafunzi akiniuliza kuhusu umri wa mawe, namjibu kwamba sijui.