Mhuri Alionichongea Baba

Mhuri huo bado uko kwangu, juu ya kabati, na wageni huuliza kama ni kinu. Siwalaumu. Baba alikuwa mchonga twiga wa kuuzia watalii, na mkono wake haukujua mambo madogo. Nilipomwomba mhuri wa karani kwa ajili ya mchezo wetu wa kuigiza, alinitolea gogo ambalo ukiligonga mezani Makadara, watu wa mtaa wa Huruma wanafungua mlango wakidhani wamebishiwa hodi.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na usomi ulikuwa umenijaa hadi nikikohoa nakohoa kwa sarufi. Kikundi chetu kilipata ufadhili. Serikali za mbali zilikuwa zimetoa pesa za walipa kodi wao ili sisi wa Nairobi na wenzetu wa Tanzania tupige vita ufisadi pamoja. Mchezo uwe mmoja, uanzie mitaani kwetu, umalizikie mpakani Namanga.

Tuliigiza mjane anayetaka kibali cha kumvusha mumewe aliyefia Nairobi, akazikwe kwao ng'ambo ya mpaka. Karani mla rushwa nilikuwa mimi. Niliweza kazi hiyo hadi mbwa wa Jogoo Road wakawa wananipisha njia.

Mwalimu aliyeletwa na wafadhili alitufundisha kanuni. Mtazamaji akiudhika, agonganishe viganja, kofi moja, mchezo usimame, apande jukwaani achukue nafasi ya mjane. Na mimi nisikubali kamwe, mpaka mtu apate njia ya kunishinda: aite majirani, adai mkubwa wangu, agome kuondoka. Kila aliyepanda nilimjibu kwa maneno niliyojitungia: "Rudi Jumatatu." Kijana mmoja aliniuliza, "Buda, hata maiti unataka kunyonya?" Ukumbi ukacheka hadi mabati yakacheka.

Kisha likasikika kofi moja kutoka mlangoni. Akapanda mama mmoja mwenye sweta ya kijivu, leso kiunoni. Hakubishana. Alisimama mbele ya meza yangu, akasema taratibu, "Nimerudi. Leo ni Jumatatu."

Ilikuwa Jumamosi. Watu walicheka, nami nikacheka, nikamwambia arudi Jumatatu ijayo. Alitikisa kichwa kama mtu aliyezoea, akashuka.

Tulipoigiza mtaani Huruma mama yule alikuja tena, na maneno yale yale. Baada ya onyesho, mwenzetu aliyeigiza mjane alikaa naye, akatuletea habari. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa ng'ambo. Alifariki hapa, na karani mmoja akawa anamwambia mama huyu arudi Jumatatu. Siku aliyopata cha kumpa, aliambiwa marehemu alishazikwa na watu wa mji, pamoja na wale wasio na wenyewe. Wapi hasa, hakuna aliyeweza kumwonyesha.

Kicheko kiliniisha mwilini. Nilimwomba mwalimu aniruhusu nimgongee mhuri, mara moja tu. Alikataa, na hakukataa kwa ubaya. "Ukilegea, watu watajifunza kwamba karani ana huruma," alisema. "Pesa hizi hazikutolewa zifundishe huruma."

Tangu hapo kila sweta ya kijivu ilinishtua mchana kweupe. Kazini, nilikokuwa tarishi, mtu akiagana na mwenzake hadi Jumatatu, nilitoka nje. Nikawa naiita Jumatatu "siku inayofuata Jumapili."

Huko Namanga, wafadhili walikaa mstari wa mbele. Nyuma yao walisimama askari wa mpakani, wa kweli, waliokuja kutazama. Nilikuwa sijafungua mdomo kofi likalia. Mama yule alifikaje huko, hatukujua.

"Nimerudi, mwanangu. Leo ni Jumatatu."

Na siku hiyo ilikuwa Jumatatu kweli. Akafungua kiganja, akakiweka mezani. Nilimtazama mwalimu, akatikisa kichwa kukataa. Nikauinua mhuri wa baba na kuushusha juu ya kiganja kile polepole. Haukuwahi kuwa na wino. Mama akafumba ngumi, akashuka, akaenda hadi meza ya pili, alipokaa Mtanzania aliyeigiza karani wa upande wao.

Yule bwana hakuwa amefanyia mazoezi jambo kama hilo. Alisimama, akavua kofia; mama akafungua ngumi, naye akakitazama kile kiganja kitupu kama karatasi.

"Karatasi ziko sawa, mama," alisema. "Poleni na msiba. Piteni."

Wenzetu wanne waliinua jeneza letu la mbao za maboksi, wakamfuata. Jeneza likipita watu husimama, na wote walisimama, wafadhili pia. Askari wale wa kweli ndio waliokiinua kizuizi cha mpaka. Hawakuuliza kitu, hawakuomba kitu. Nimeishi miaka mingi, na mahali pengine sijayaona hayo.

Wale wanne walirudi mikono mitupu. Mama alikuwa amewaomba wampakilie jeneza kwenye gari ng'ambo ya kizuizi, nao wakampakilia.

Ufadhili wa awamu ya pili haukuja. Mwalimu alisema tulipoteza somo, na huenda ni kweli. Ila nina hakika ng'ambo ya Namanga kuna kaburi lenye jeneza letu tupu, na kibali chake nilikigonga mimi. Jumatatu huwa siugusi mhuri, hata kuufuta vumbi.