Begi Chini ya Miguu ya Baba Mkwe

Hadi leo nikiona mtu amekaa mlangoni damu inanichemka. Wapenda kukaa mlangoni wanisamehe, lakini ndivyo nilivyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba imejaa soko la Tukuyu mpaka unaikanyaga. Mimi nilikuwa muuguzi, nimeolewa Kawetele, na nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya miaka miwili. Kwenye rundo la mitumba nikachagua begi la mgongoni, la kijani, zipu zote nzima. Wiki nzima nilikuwa napanga na kupangua: masweta mawili, vitenge, khanga ya kujifunika, Biblia, vyeti ndani ya mfuko wa rambo visilowe. Pasipoti nikaiweka mfuko wa juu kabisa. Nyumba yetu ilikuwa inavuja, na mvua ya Tukuyu haina adabu, kwa hiyo siku ya mwisho nikamwomba mume wangu akaliweke begi nyumba kubwa, kwa wazazi wake. Hapo ndipo nilipokosea.

Kwetu mke haonani na baba mkwe. Akija njia hii, wewe unaingia migombani. Hamsalimiani, hamli pamoja, hata jina lake hulitaji. Miaka tisa ya ndoa, mzee yule nilimjua kwa kikohozi na kofia. Wengi walishaanza kulegeza mambo hayo, hasa watu wa kanisani, lakini si yeye. Na mimi niliheshimu. Mungu anajua niliheshimu! Nilishawahi kujibanza migombani na mimba ya miezi minane, mvua inaninyeshea, mpaka apite.

Safari yangu hakuitaka. Alimtuma mume wangu aje kuniambia: "Mgongoni mwanamke anabeba mtoto, habebi begi." Nikacheka. Kumbe mwenzangu hatanii.

Asubuhi ya safari mume wangu akaenda kulichukua begi, akarudi mikono mitupu. Baba yake alikuwa ameweka kiti mlangoni, amekaa, begi liko chini ya miguu yake.

"Si ungelichukua?"

"Mzee amekaa."

"Basi mwambie ainue miguu."

"Mama watoto, nitamwinuaje baba yangu? Subiri kidogo. Atachoka."

Atachoka! Gari la Mbeya linajaza watu stendi, ndege Dar es Salaam ni kesho kutwa, na mtu mzima na ndevu zake ananiambia baba yake atachoka kukaa! Mama mkwe angeniokoa, lakini alikuwa Matwebe msibani. Nikauelewa mchezo wote. Mzee hakuwa na haja ya kunikataza wala kupiga kelele. Alijua mimi mwenyewe nitaficha uso, nitarudi migombani kama siku zote, na gari litaondoka. Heshima niliyompa miaka tisa ndiyo aliyonifungia nayo mlango.

Nilikasirika. Nikavua khanga kichwani, nikaifunga kiunoni, nikavuka uwanja katikati, kweupe, majirani wanaona. Nyuma namsikia mume wangu, "We! We, usifanye hivyo!" Sikugeuka. Nikasimama mbele ya kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, mazoea tu, kisha akili ikamrudia. Akaruka kutoka kwenye kiti, kofia akajifunika usoni, akageukia ukuta. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona karibu. Alikuwa mzee kuliko nilivyodhani, shati lake limepungua kifungo. Nilijaribu kumwonea huruma, nikashindwa. Nikalivuta begi, nikafungua mfuko wa juu. Pasipoti ilikuwemo. Nikalitia begi mgongoni, nikakaza mikanda, nikashika njia.

Nilikuwa nimekaribia barabarani niliposikia viatu vinakimbia kwenye tope. Ni mume wangu, anahema, mkono ameunyoosha kwenye mkanda wa begi.

"Lete nikubebee. Zito hilo."

Nikautazama mkono ule. Hapo ndipo ulipopata nguvu, barabarani, baba yake hayupo.

"Acha," nikamwambia. "Mzee amekaa."