Kifundo Kilichonipeleka Ndalu

Ninaikumbuka vizuri ile asubuhi niliyoanguka kwenye Mlima Elgon, mwanangu, kwa sababu muda mfupi kabla ya kuanguka nilikuwa ninacheka. Chemtai, rafiki yangu wa mbio, alikuwa mbele. Tulikuwa tunateremka kwa kasi kwenye kijia kinachotoka msituni kuelekea mashamba ya upande wa Kitale, na ardhi ilikuwa imelowa mvua. Alisema neno la mzaha, nikainua uso nimjibu, na mguu wangu wa kulia ukatua kwenye mzizi. Ukapinda kwa ndani. Nilisikia sauti ndogo kama ya kijiti kibichi kinachokatika, kisha nikajikuta nimekaa kwenye matope nikiutazama mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Simama," Chemtai akasema.

"Siwezi."

"Si ujaribu, bana."

Nilijaribu. Akauona uso wangu, na hakuniambia tena nijaribu. Alinibeba mgongoni, yeye aliyekuwa mwembamba kuliko mimi, mpaka barabarani, tukaomba lifti kwenye pikapu ya maziwa. Nilifika Kitale nimekaa katikati ya mitungi, mguu umevimba hadi ikabidi kiatu kikatwe ndipo kitoke.

Hospitalini walipiga picha. Mfupa haukuwa umevunjika. Zilizoumia ni kano, zile kamba ngumu zinazoushika mfupa mmoja na mwingine. Zilikuwa zimevutika, na moja ilichanika kidogo. Nilifungwa bendeji, nikapewa magongo. Dada mmoja wa mazoezi ya viungo akanionyesha namna ya kuuinua mguu na kuuwekea barafu iliyofungwa kwa kitambaa, akasema nirudi kwake uvimbe ukipungua.

"Nitakimbia lini?" nikamuuliza.

"Tutaona unavyoendelea."

Jibu hilo sikulipenda hata kidogo. Mimi na Chemtai tulikuwa tumejiandikisha kwa mbio za mlimani za wawili wawili, ambapo wenzi huanza pamoja na kumaliza pamoja. Mmoja akishindwa, wote wawili wametoka. Tulijiandaa msimu mzima kwa ajili ya siku hiyo, na sasa muda uliobaki ulikuwa wiki chache tu.

Chumba nilichopanga mjini kilikuwa ghorofani na choo kilikuwa chini. Ngazi zile na magongo hazikuelewana. Kwa hiyo baba yangu akanipeleka kijijini Ndalu kwa mama yake, Kukhu wetu, kwani hivyo ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita bibi. Kukhu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, amefundisha sayansi miaka mingi, na tangu babu afariki aliishi peke yake na ng'ombe wake na shamba la mahindi na maharage. Alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimletea yai angekuuliza ni la kuku yupi na umejuaje.

Siku za kwanza nilikaa barazani mguu ukiwa juu ya mto, nikihesabu wiki kwa vidole. Nilimuuliza kila aliyepita. Jirani aliyewahi kuteguka alipona lini? Na kijana wa mwalimu mkuu, yeye je? Kukhu alinivumilia. Kisha asubuhi moja, tukinywa chai, akaweka kikombe chini.

"Nasimiyu, tangu ufike hapa unajua umeuliza swali gani?"

"Maswali mengi, Kukhu."

"Moja. Lini, lini, lini. Umenichosha masikio. Hebu utazame huo mguu. Wewe uliumia hapa juu, karibu na kifundo. Kwa nini sasa vidole ndivyo vimekuwa vyeusi?"

Nikautazama. Ni kweli. Michubuko ilikuwa imeshuka, zambarau imefika vidoleni, na pale juu palianza kuwa kijani na manjano kama embe linaloiva. Nilikuwa nimekaa na mguu ule siku zote hizo na sikuwa nimeuona.

"Sijui," nikasema.

"Haya. Fikiria."

Nilifikiria mpaka tukaanza kupika ugali wa mchana. Damu iliyovuja ndani ilikuwa imeshuka polepole, kama maji yanavyoshuka, kila niliposimama. Nilipomwambia, Kukhu alitabasamu tabasamu la darasani, na mimi, mtu mzima mwenye kazi yangu mjini, nikafurahi kama niliyepewa alama nzuri.

Kuanzia siku hiyo mguu ule ukawa kitu cha kuchunguza. Asubuhi ulikakamaa, na baada ya kutembea kidogo ukalegea. Tukajiuliza kwa nini. Nilipoandika alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu huo, herufi nyingine zilikubali na nyingine zikagoma, na Kukhu akataka kujua ni zipi. Maumivu hayakuisha kwa sababu ya maswali, mwanangu, usije ukadhani hivyo. Ila nilipunguza kuyaogopa.

Uvimbe ulipopungua nilirudi Kitale kwa yule dada. Akaniambia niache magongo pole pole na nianze kusimama kwa mguu mmoja, karibu na ukuta. Nikasimama kwa wa kushoto, nikatulia. Nikasimama kwa wa kulia, ukatetemeka wote. Akaniambia nifumbe macho, nikadaka ukuta mara moja.

"Ni nini hiyo?" nikauliza. "Nguvu ninazo."

Alifurahia swali hilo, nilimwona. Akanieleza kwamba kano hazishiki mifupa tu. Zinapeleka habari pia, zinauambia ubongo mguu umekaa vipi, umeinama upande gani. Zikiumia, habari hizo hupotea njiani, na macho ndiyo hubaki yakisaidia. Ukiyafumba, mguu haujui ulipo. "Ndiyo maana wengi huumia tena palepale," akasema. "Wanangoja maumivu yaishe, hawafundishi mguu upya."

Nilirudi Ndalu na habari hiyo kama mtu aliyebeba zawadi. Kukhu alinisikiliza hadi mwisho, akavua kandambili zake, akashika ukingo wa meza ya jikoni.

"Hata mimi nataka kuona," akasema.

Akainua mguu mmoja, akaachia meza, na papo hapo akayumba. Nikamdaka kiunoni. Tulicheka. Akajaribu mguu mwingine, akayumba zaidi. Mimi niliyeteguka nilikuwa namshinda! Nilicheka tena, lakini yeye safari hii hakucheka.

Udadisi aliokuwa amenitia mwenyewe sasa ukamgeukia.

"Kukhu, umewahi kuanguka?"

Alivaa kandambili zake bila haraka. "Kisimani. Mara moja." Akafuta meza kwa kiganja. "Na tena pale nyuma ya zizi."

"Baba anajua?"

"Baba yako akijua, kesho yake yuko hapa na lori. Atabeba kitanda, atabeba viti, atauza ng'ombe, na mimi nitaketi kwenye nyumba yake mjini nikitazama ukuta wa jirani. Sitaki, mama. Hapa ndipo kwangu."

Alikuwa amemficha kila mtu jambo hilo, mwanamke aliyenifundisha nisiogope kuutazama mguu wangu. Nikamwambia kitu pekee nilichokuwa nacho: kama mguu wangu unaweza kufundishwa upya, labda na wake unaweza. Tukaanza. Kila asubuhi, baada ya kukama, tulisimama pande mbili za meza ile, mimi kwa mguu wa kulia, yeye kwa wowote alioamua, tukitazamana kama majogoo. Jirani alichungulia dirishani akatuona, akauliza ati ni maombi ya aina gani hayo.

Mbio zilipokaribia, Chemtai akaja Ndalu kunitazama. Nilikuwa tayari ninakimbia kidogo kwenye barabara tambarare, na moyo wangu ulitaka sana kumwambia niko sawa. Nilimpeleka uani. Nikaruka kwa mguu wa kushoto, nikatua vizuri. Nikaruka kwa wa kulia, kifundo kikatikisika na maumivu yakanipanda hadi gotini. Aliona.

"Barabarani ninaweza," nikamwambia. "Kuteremka mlima bado. Ukienda na mimi utanibeba tena. Tafuta mwenzako mwingine."

Alikaa kwenye kigogo, akatazama mbali. "Nilijua," akasema hatimaye. "Lakini nilitaka useme wewe."

Alikimbia na binamu yake. Hawakushika nafasi yoyote ya kujivunia. Mimi siku hiyo nilichambua maharage Ndalu na sikutaka mtu aniongeleshe, na Kukhu, kwa mara moja maishani mwake, hakuniuliza kitu.

Baadaye yeye mwenyewe alimwita baba akamweleza alivyoanguka. Nilikuwepo; Kukhu alisimama kwa mguu mmoja mbele yake akieleza, na kidole kimoja tu mezani. Baba alirudi siku nyingine, bila lori. Aliweka reli ya mti ya kushikilia kwenye njia ya kisimani na kusawazisha ardhi nyuma ya zizi. Kukhu aliishi Ndalu miaka mingi baada ya hapo, akienda kanisani kwa miguu yake, na alipofariki alikuwa kitandani kwake. Mimi na Chemtai tulikimbia mbio zile msimu uliofuata. Hatukushinda, ila tulimaliza tumeshikana mikono, na niliteremka mlima ule kwa hatua fupi fupi nikijua kila mahali mguu wangu ulipo.

Basi mwanangu, wewe uliyenipigia simu kutoka Bungoma ukilia kwamba umeteguka na mashindano ya mlimani yamekaribia, nimekusikia. Uliniuliza lini. Sijui lini. Uliza mguu wako unaponaje, na uwaulize wanaojua, na usikilize hata jibu usilolipenda. Usijipime kwa maumivu peke yake. Ufundishe mguu kusimama kabla ya kuudai ukimbie. Anayekimbia nawe mwambie ukweli mapema, apate nafasi ya kujipanga. Na ukikaa hapo mguu juu, watazame pia walio karibu nawe, maana huenda yuko mmoja anayeyumba kimya kimya akingoja mtu amuulize.

Mungu akuponye taratibu na vizuri. Aulinde usingizi wako, akupe subira ya kukaa na moyo wa kuinuka, na siku utakayorudi mlimani akutangulie kwenye kila mteremko. Amina.