Goli la Saa Sita

Sisi tuliokulia Bulengera, mjini Butembo, miaka ya vita, mpira tuliutengeneza wenyewe kwa majani makavu ya migomba na kamba. Ukilowa mvua, ulikuwa mzito kama gunia la viazi. Watoto wa leo, wanaocheza mpira kwa kidole kwenye simu, hawajui tulivyoutamani mpira wa kweli.

Wenzetu wa mtaa wa juu walikuwa nao, wa ngozi, waliouachiwa na mwanajeshi mmoja aliyehamishwa. Kipa wao alikuwa Paluku, mtoto wa katekista. Siku moja wakatuambia kwa kicheko: mkitufunga, mpira ni wenu, mkishindwa, mtatuchotea maji hadi Noeli. Hatukuwa tumewahi kuwafunga hata mara moja.

Jumamosi ile matope yalituokoa, hakuna aliyefunga. Uwanja wetu, kama karibu kila kitu Butembo, ulikuwa mteremko, na goli lao lilikuwa upande wa chini. Ghafla kengele ya kanisa ikapiga saa sita. Enzi hizo kengele hiyo ikilia, kila mtu alisimama alipo kusali Malaika wa Bwana: mama mwenye jembe, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, hata mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani. Nasi tukasimama, mikono kifuani.

Mpira tuliouacha katikati ukatulia kidogo, kisha ukaanza kuteremka wenyewe, polepole. Nilisali huku jicho moja likiufuata. Paluku aliuona. Lakini baba yake alikuwa amesimama nyuma ya goli, naye anasali. Midomo ya Paluku iliendelea kusema Salamu Maria, machozi yakimtoka, na mpira ukapita kando ya mguu wake ukaingia.

Baada ya amina tuligombana sana, mpaka katekista akakata maneno: "Mupira iliingia. Hapana mutu aliigusa. Mubapatie tu, batoto."

Nyumbani mama aliupaka mpira mafuta ya mawese, ngozi isikauke. Jioni nikamwona Paluku amesimama kwenye ua wetu, anautazama tu. Moyo uliniuma. Nikamwambia, "Kuya tucheze. Utakuwa gardien yetu." Akawa kipa wetu na rafiki yangu, mpaka vita vilipotufikia. Akina Paluku walikimbilia njia ya Beni, sisi Musienene. Hatukuonana tena.

Siku hizi kengele ya saa sita ikilia pikipiki hazisimami, na uwanja wetu umejaa maduka. Mimi bado husimama. Goli lile, Paluku, ningelifuta leo hii, mradi uje mwenyewe kulidai.